Sahani ya Ishirini na Nne

Usiku wa jana niliota, na kabla hamjasema ni yale maharage niliyopika bila kuyaloweka, naomba mnisikilize mpaka mwisho. Niliota nimeketi sebuleni kwangu, hapa hapa Tukuyu, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, nikisubiri wageni.

Wageni wa kweli wanakuja kesho, Jumamosi. Ni upande wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu Tupokigwe. Wanaleta barua ya posa, na wametuma habari kwamba watakuwa arobaini na mmoja. Watu arobaini na mmoja kwa barua moja. Mume wangu, Baba Tupo, alisema labda ni barua nzito. Mimi sikucheka, kwa sababu mwenye kuwalisha ni mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Chini ya meza niliweka maboksi mawili ya sahani za kutupa, zile nyeupe nyepesi ambazo ukipiga chafya zinahama, pamoja na vikombe vya plastiki na katoni za maji ya chupa. Sahani za maana ninazo. Ziko ndani ya kabati la vioo, za udongo, zenye maua ya bluu, aliniachia marehemu mama yangu. Zilikuwa ishirini na nne. Mpaka jana zilikuwa zimebaki ishirini na tatu, kabati nimelifunga mwaka wa tatu huu, na ufunguo wake nautembeza kwenye fundo la kitenge.

Jirani yangu Mama Subilaga anazo sahani sitini. Zamani hakuna shughuli iliyofanyika kwangu bila vyombo vyake, wala kwake bila vyangu. Tuliweka alama ya rangi nyekundu ya kucha chini ya kila sahani, yeye nukta moja, mimi nukta mbili, ili shughuli ikiisha kila chombo kirudi kwao. Mpaka jana tulikuwa hatusemezani, na kisa ni hiyo ya ishirini na nne.

Siku ya kipaimara ya Tupo nilitaka nionekane wa kisasa. Nikakataa sahani za Mama Subilaga, nikanunua za kutupa mia moja na ishirini. Mchungaji peke yake nilimtolea sahani ya mama, maana mchungaji hawezi kula kwenye kitu kinachopeperuka. Jioni sahani ya mchungaji haikuonekana. Aliyekuwa jikoni kwangu akisugua masufuria ni Mama Subilaga. Kesho yake nilikwenda uani kwake, nikamkuta na wanakwaya wenzetu, na mbele ya macho yao nikazigeuza sahani zake zote sitini pale kichanjani, moja baada ya nyingine, nikitafuta nukta mbili. Sikuipata. Radhi pia sikuomba. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa sahani za kutupa, nikijiambia kwamba hizo hazimgombanishi mtu na jirani.

Hayo ndiyo niliyolala nayo. Sasa turudi ndotoni.

Nasikia hodi. Naitikia karibu. Mlango unafunguka na zinaingia sahani za kutupa, moja moja, kwa mstari, mia moja na ishirini. Nyingine bado zina mafuta ya pilau. Wote wanavua viatu mlangoni. Sishangai kwamba wana viatu. Kinachonikera ni kwamba wanaviacha ovyo.

Aliyetangulia ana tundu la uma katikati. Anakwenda moja kwa moja kwenye kochi kubwa, anakaa juu ya kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, kisha ananitazama kama mtu anayengoja kitu.

"Shikamoo yangu iko wapi?" anauliza.

Namweleza kwa upole kwamba mimi nina miaka hamsini na mbili na yeye ana mitatu. Anasema kwao umri hauhesabiwi kwa miaka uliyokwisha kukaa, unahesabiwa kwa ile uliyobakiza, na yeye atakuwepo hapa wakati wajukuu wa wajukuu wa Tupo wanazeeka. Nafikiri kidogo. Naona ana hoja.

"Shikamoo, mzee," nasema.

"Marahaba. Mjomba wako Anyosisye alinilia pilau kwa dakika kumi na moja. Hata finyango hakumaliza."

Naomba msamaha kwa niaba ya mjomba. Kisha nauliza, kama mtu anavyouliza, kulikoni asubuhi yote hii. Mzee Sahani ananiambia mtaa umetangaza kwamba kuanzia leo kutupa kumefutwa. Hakuna tena huko tunakotupa. Pamejaa, pamefungwa kufuli, na mwenye ufunguo amehama. Kila kitu kinarudi kukaa na mtu aliyekitumia mwisho.

Nachungulia dirishani na kweli. Mwalimu Lusajo, wa ng'ambo ya barabara, amesimama getini anapokea foleni ya chupa za soda, na kila moja inamkumbatia. Baba Tupo anapita ukumbini na blanketi begani, ananiuliza mirija ilale chumba cha wavulana au cha wasichana. Namwambia nitajuaje, awaulize wenyewe. Tupo anatoka chumbani kwake, anazipa mkono zile sahani zote mia moja na ishirini, anaziita babu na bibi. Nilimlea vizuri yule mtoto.

"Sisi ni wa ukoo huu sasa," anasema Mzee Sahani. "Jumamosi nitakaa mbele. Barua nitaipokea mimi."

Hapo hapo akili yangu inakimbilia Jumamosi. Nawaona wakwe arobaini na mmoja wanaingia, wanaambiwa mkubwa wa familia ndiye huyu mwenye tundu la uma, wanatazamana, wanarudi na barua yao. Natamani kulia, lakini mgeni ni mgeni, na kwetu mgeni hapewi maneno kabla ya chakula. Nakwenda jikoni. Nakuta pilau ya kipaimara bado ya moto. Narudi, nainama chini ya meza, nafungua boksi la sahani mpya nianze kupakua.

Sebule nzima inanigeukia.

"Unataka tule juu ya watoto wetu?" anauliza Mzee Sahani.

Natazama ndani ya boksi. Kweli ni wadogo sana. Mmoja anapiga miayo. Nalifunga boksi taratibu nisiwaamshe wengine, nasema nisameheni, sikujua kama mna watoto. Inabaki njia moja tu, kabati la vioo. Nafungua fundo la kitenge, natoa ufunguo, nafungua.

Sahani za mama zimenipa mgongo. Zote ishirini na tatu zimegeukia ukutani, na nukta nyekundu arobaini na sita zinanitazama bila kupepesa.

"Tokeni," nawaambia. "Wageni wamefika."

"Miaka yote unatuambia tumsubiri mgeni," inajibu ile ya juu. "Wamekuja wajomba, hatukutoka. Amekuja bwana afya, hatukutoka. Amekuja fundi wa umeme akakaa siku tatu, akala kwenye plastiki. Sisi tumefikia uamuzi kwamba mgeni hayupo. Ni imani tu."

"Leo wapo. Tazameni."

"Basi tutatoka tukitimia. Tulikuwa ishirini na nne."

Nawaambia kwa hilo wasinilaumu mimi, waende wakamuulize Mama Subilaga. Nikilitaja jina hilo, Mzee Sahani anakohoa kikohozi cha mtu mwenye jambo. Nageuka nimtazame, na sebule si sebule tena. Ni ofisi ya mtaa, na bendera yake, na lile benchi linalobana mapaja.

Mwenyekiti wa kikao ni chupa ya chai. Ndiyo haki yake, kwa sababu kwenye nyumba yangu hakuna mwingine anayeweza kukaa na jambo la moto mpaka asubuhi bila kulimwaga. Anafungua kifuniko kidogo, mvuke unatoka, anasema shauri lililopo ni la sahani moja ya udongo yenye maua, na anamwita shahidi.

Shahidi ni kile kitambaa changu cha meza cha plastiki chenye picha za matunda. Anaingia amekunjwa mara nne. Anaapa kwa kuweka kona moja juu ya meza.

Anasema siku ile kwenye saa kumi na mbili kasoro wingu lilitanda. Mvua yetu ya Tukuyu haibishi hodi. Mama Subilaga alitoka jikoni mikono ina povu, akasema, "Mama Tupo, tuhesabu kwanza." Na mimi nikamjibu, "Tuhesabu nini, vitu vya kutupa?" Kisha nikashika kona nne za kitambaa, nikazikusanya kwa pamoja na kila kilichokuwa juu yake, sahani, vikombe, mifupa, nikafunga fundo moja, nikabeba mgongoni mpaka nyuma ya jiko, nikamimina vyote kwenye shimo la taka.

"Lilikuwa zito kuliko linavyopaswa," anasema kitambaa. "Niliuhisi uzito wa chombo cha kweli. Nilitaka kusema, lakini ulinifunga mdomo."

Chupa ya chai inaniuliza kama nina la kujibu. Nafungua kinywa na kinachotoka ni mvuke. Maneno yale niliyasema. Nayakumbuka, na nakumbuka nilivyoyasema kwa maringo, nikimtazama juu mpaka chini mwenzangu aliyekuwa ananisugulia masufuria. Miaka mitatu nimekumbuka kila kitu cha siku ile isipokuwa hayo.

"Ushahidi mwingine?" anauliza mwenyekiti.

"Mimi," inasema sauti ya chini, na sasa tuko nyuma ya jiko, na benchi limekuwa udongo.

Ni mche wangu wa parachichi. Niliupanda juu ya lile shimo baada ya kulifukia, na mpaka leo haujanifika gotini, ilhali wenzake waliopandwa siku ileile kwa Mwalimu Lusajo wameanza kutoa maua. Nimeusema vibaya sana. Nimeumwagia samadi, nikauita mvivu mbele ya watu.

"Si uvivu, mama," unasema. "Kila nikipeleka mzizi chini nakuta meza imeandaliwa. Naona haya kupita katikati ya watu wanaokula."

Sina jembe, nina mwiko wa pilau. Nachimba na mwiko. Udongo unafunguka kama mlango na natumbukia ndani, polepole, na kitenge changu kikinisitiri vizuri.

Chini ya shimo kuna sebule yangu. Makochi ni yaleyale na vitambaa ni vilevile, na sahani za kutupa zimejipanga kila mahali, nyeupe kama siku nilipozinunua. Miaka mitatu ya mvua ya Tukuyu haijazifanya lolote. Ngozi za ndizi zilizoingia nazo zimekwenda zamani, zimekuwa udongo mweusi mzuri, zimesahau yote. Lakini sahani zinakumbuka kila tonge. Na katikati, kwenye kiti cha mgeni rasmi, amekaa yeye, wa ishirini na nne, maua yake ya bluu, na mfupa wa paja la kuku la mchungaji mapajani.

"Umechelewa," ananiambia. "Chakula kimepoa."

Nakaa chini mbele yake. Namwambia nilimtafuta. Anasema anajua, alisikia sahani sitini zikigeuzwa, mlio ulifika mpaka huku chini. Alipiga kelele kwamba si huko, ila sahani haina sauti mpaka igongwe.

"Mama yako angefanyaje?" anauliza.

Nisingependa kujibu, lakini ndotoni mtu hajifichi. Nilipokuwa na miaka tisa nililidondosha bakuli kubwa la seti hii, lile la mchuzi, likawa vipande. Nilisimama nikingoja kofi. Mama akapiga magoti, akanishika miguu, akazitazama nyayo zangu moja moja kama zimetoka damu. Kisha ndipo akachukua ufagio. Alisema, "Kimevunjika chombo, mtu hajavunjika." Mchuzi wa siku ile ulikuja mezani na sufuria yake, na sisi tukala vizuri kabisa.

Namsimulia sahani. Wakati nasimulia naona aibu ikinipanda kutoka miguuni, maana mimi nilifanya kinyume. Chombo nilikifungia kabatini kikabaki kizima, na mtu nikamvunja mbele ya kwaya.

"Utamwambia nini?" anauliza sahani.

"Nitamtuma Tupo amwambie."

Sahani ananitazama tu. Mfupa wa kuku nao unanitazama.

"Basi nitakwenda mwenyewe," nasema, na papo hapo juu kabatini nasikia sahani ishirini na tatu zikigeuka kwa pamoja, mlio mzuri sana, kama vyombo asubuhi ya sikukuu.

Namchukua wa ishirini na nne, namweka kifuani. Nataka kupanda juu. Mzee Sahani ananizuia njiani, kofia mkononi.

"Na sisi?" anasema. Hana tena ule ukubwa wa kochini. "Sisi tutakwenda wapi?"

 Kuchoma haifai, moshi wake ulimlaza mtoto wa mpangaji wangu kwa kifua. Kutupa kumefutwa. Namwambia ukweli kwamba sijui, lakini kuna mbegu za kabichi na nyanya zinahitaji pa kuoteshea, na sahani yenye tundu la uma katikati inapitisha maji vizuri kuliko isiyo nalo.

Mzee Sahani analishika tundu lake. Naona ni mara ya kwanza mtu kumsifia.

"Miche tutaishika," anasema. "Ila ahidi jambo moja. Usituongezee ndugu."

Naahidi. Tunapeana mkono. Mkono wake hauna uzito wowote, na ninapoushika unapeperuka, nami nikapeperuka nao, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Baba Tupo alikuwa amekaa kitandani akiyatazama mashuka.

"Mama Tupo," alisema, "umelima saa ngapi?"

Nikatazama mikono yangu. Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na udongo mweusi.

Ningeanzia wapi? Nilikwenda nyuma ya jiko na kanga mbili. Mche wa parachichi ulikuwa umesimama palepale, na pembeni yake mwiko wangu wa pilau, umechomekwa ardhini mpaka nusu. Nikapiga magoti, nikaendelea kuchimba pale nilipokuwa nimeachia. Sahani nyeupe zilianza kutokea, safi, bila haya. Ya kwanza ilikuwa na tundu katikati. Nikaiweka kando kwa heshima. Chini ya sahani ya saba mwiko uligonga kitu, na hicho kilikuwa na sauti.

Maua ya bluu. Niliigeuza. Nukta mbili nyekundu.

Sikuiosha. Nilivuka ua nikiwa vilevile, na udongo wangu, kabla ujasiri haujapoa. Mama Subilaga alikuwa anapanga vyombo kichanjani. Aliniona, akaendelea kupanga. Nikampa sahani kwa mikono miwili, nikamwambia ilikuwa shimoni kwangu, niliizika mwenyewe, na yeye aliniambia tuhesabu nikajifanya mkubwa. Nikamwambia nimemkosea mbele ya watu na nitakwenda kulisema hilo kwenye mazoezi ya kwaya, mbele ya watu walewale.

Aliigeuza ile sahani, akatazama nukta zake. Akatema mate kidogo kwenye ncha ya kanga, akafuta udongo kwenye ua moja. Kuku wake walinizunguka miguuni.

"Nasikia kesho mna ugeni," alisema mwishowe.

"Arobaini na mmoja."

"Na umenunua zile zako za kupeperuka."

"Nazirudisha dukani leo. Maji nitachemsha, nitie kwenye mtungi wa udongo."

Akanirudishia sahani ya mama. Halafu akasogea pembeni, akanipisha njia ya kwenda kichanjani.

"Haya, chukua," alisema. "Zigeuze uhesabu mwenyewe. Kugeuza unajua."

Nikacheka, naye akacheka, halafu nikalia kidogo, akanipa kanga yake nijifute. Nikazigeuza zote sitini, moja baada ya nyingine, nikihakikisha kwamba kila moja ina nukta yake, na kwamba kesho jioni nitajua zote ni za kurudi wapi.